Kufuatilia mvua na vimbunga vya mwisho wa msimu ukiwa pwani

Mwezi wa nne ukiingia, watu wa mwambao huwaza masika, si kimbunga. Historia yetu inasema vingine. Kimbunga kilichoibomoa Zanzibar na kung'oa mikarafuu ya Unguja kilipiga tarehe 15 Aprili 1872. Cha Lindi kilikuwa 15 Aprili 1952. Kenneth kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019. Jobo kilitujia Aprili 2021 kikafifia njiani, na Hidaya kikaishiwa nguvu karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024. Machi na Aprili ndipo bahari yetu inapokuwa na joto kuliko miezi mingine, na ukanda wa mvua huwa unapanda kutoka kusini kwenda kaskazini. Mifumo ya dhoruba huzaliwa karibu zaidi na ikweta, na upepo wa huko huisukuma magharibi, yaani kwetu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kufuatilia mwenyewe: mwenye chombo, mwenye shamba bondeni, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu. Onyo la kuamuru watu wahame ni la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na serikali. Kazi yako ni kulielewa linapotoka, na kujua hali ya pale ulipo.

Kipima mvua kisichojaa usiku

Chupa ya maji iliyokatwa na kubandikwa rula inafaa kwa manyunyu tu. Kitako chake kina mabonde na ubavu una mikunjo, kwa hiyo rula hudanganya. Isitoshe, hufurika usiku uleule ambao namba yake ndiyo unayoitaka. Tumia faneli ngumu ya plastiki yenye mdomo wa sentimita 12, kidumu cha lita 5, na bomba la sindano la mililita 20 au 50 kutoka duka la dawa.

Pima kipenyo cha mdomo wa faneli kwa ndani, mara mbili kwa mistari inayokatana, uchukue wastani. Kwa sentimita 12, nusu ni 6. 6 × 6 × 3.14 inakupa sentimita za mraba 113. Gawanya kwa 10: kila mililita 11.3 za maji ni milimita 1 ya mvua. Ukikuta mililita 565 kidumuni, imenyesha milimita 50. Kwa hesabu hiyo kidumu kinabeba zaidi ya milimita 440, na hata usiku wa kimbunga hakitakuangusha.

Faneli fupi ina kasoro: matone makubwa hudunda na kuruka nje. Gundisha juu yake pete ya bomba la PVC la inchi 4, urefu wa sentimita 15, uzibe maungio kwa silikoni. Ukishafanya hivyo, kipenyo cha hesabu ni cha pete kwa ndani, si cha faneli. Wengi husahau hapo, na vipimo vyao vyote hupungua kwa kiwango kilekile bila wao kujua.

Fukia kidumu nusu na ukifunge kwenye kigingi, maana shimo likijaa maji, kidumu kitupu huelea na kung'oka. Mdomo uwe kati ya sentimita 30 na mita 1 kutoka ardhini, juu ya majani au kokoto, si juu ya saruji inayorusha maji. Kikae mbali na kizuizi chochote angalau mara mbili ya urefu wake: mnazi wa mita 10, kaa mita 20. Usikiweke juu ya paa hata kama ndipo penye uwazi. Upepo unaopanda ukutani huyabeba matone na kuyapitisha juu ya mdomo. Hata kikiwekwa vizuri, kwenye upepo mkali kitaonesha pungufu ya mvua iliyonyesha kweli, basi siku hiyo andika pembeni "upepo mkali".

Soma saa 3 asubuhi kila siku, saa ileile vituo vya hali ya hewa hufunga siku yao ya mvua. Kama haikunyesha, andika 0. Ukiacha nafasi tupu, baada ya mwezi hutajua kama ilikuwa kavu au hukusoma. Kabla ya kumwaga maji, hakikisha faneli haijazibwa na jani la mwarobaini au kiota cha nyigu. Maji yaliyosimama kwenye faneli ni sehemu ya kipimo, usiyatupe.

TMA huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Paa la mita za mraba 40 hapo limemwaga lita 2,000. Lakini namba ya siku moja haitoshi. Weka safu ya pili daftarini: jumla ya siku 3 zilizopita. Milimita 50 zikidondokea ardhi kavu huzama. Zikidondokea ardhi iliyokwisha kushiba, karibu zote hutiririka. Hidaya kilikuja nyuma ya Aprili iliyokuwa imekwisha kuifurisha Rufiji, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga. Kwa mwambao wetu maji ndiyo yanayostahili hofu zaidi kuliko upepo, ingawa picha za upepo ndizo zinazosambaa.

Kanieneo: linganisha saa na saa

Baadhi ya simu zina barometa ndani, yaani kipimo cha kanieneo (mgandamizo wa hewa), na programu za kuisoma ni za bure. Kwetu Aprili, usawa wa bahari, utaona kati ya hektopaskali 1010 na 1013 hivi. Makosa huanzia hapa. Katika tropiki, kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku hata kukiwa shwari: hufika juu mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na chini mnamo saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri. Tofauti hufika hektopaskali 3 hivi. Anayesoma saa 4 asubuhi na kurudia saa 10 alasiri ataona "imeporomoka" kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo linganisha na saa ileile ya jana. Ikiwa chini kwa 3, kaa macho na uanze kufuata taarifa kila zinapotoka. Ikiwa chini kwa 5 au zaidi, kuna mfumo karibu, na kazi ya kufunga vitu iwe imekwisha kuanza. Soma mahali pamoja, kwa sababu kila mita 8 na kitu ukipanda, hektopaskali 1 inaondoka. Ghorofa ya tatu na baraza ya chini si sawa.

Kusoma taarifa na kuchora njia

Kituo chenye dhamana ya vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi kiko kisiwa cha Réunion, chini ya Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. TMA hutumia taarifa zake pamoja na uchambuzi wao wenyewe. Mfumo hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa, na kwa kipimo cha eneo hili huitwa kimbunga kamili ukifika 118. Kwa hiyo kuwa na jina bado si kuwa kimbunga. Ukiona kituo cha JTWC cha jeshi la Marekani kinatoa namba kubwa zaidi, si kwamba mmoja anaficha: Marekani hutoa wastani wa dakika 1, Réunion wa dakika 10. Chagua kimoja ufuate hichohicho.

Muda wao ni UTC, ambao huandikwa pia kwa herufi Z. Kupata saa yetu ya Kiswahili, toa 3: 06 ni saa 3 asubuhi, 12 ni saa 9 alasiri, 18 ni saa 3 usiku, 00 ni saa 9 usiku. Hizo ndizo saa nne za nafasi rasmi. Taarifa yenyewe huchelewa kidogo baada ya hapo. Upepo ukiandikwa kwa noti (knots, kipimo cha mwendo cha mabaharia), zidisha kwa 1.85 upate kilomita kwa saa.

Chora kwenye karatasi ya mraba. Nyuzi 1 ni kilomita 111, na kwa latitudo zetu unaweza kutumia 110 kwa longitudo bila kukosea sana. Mfano: jana saa 3 asubuhi mfumo ulikuwa 9.5S 46.0E (nyuzi 9.5 kusini, 46.0 mashariki), leo saa hiyo uko 9.0S 43.0E. Umesogea kilomita 330 hivi kwa saa 24, karibu 14 kwa saa. Mafia iko 7.9S 39.7E, kilomita kama 380 kutoka hapo. Ukielekea huko kwa mwendo huohuo, kitovu kitahitaji saa 27, yaani kesho saa 6 mchana. Lakini upepo hutangulia kitovu. Kama taarifa inasema upepo mkali umetanda kilomita 100, toa saa 7: mwisho wako wa kuwa tayari ni saa 11 alfajiri, na vyombo vivutwe mchana wa leo.

Koni inayochorwa mbele ya mfumo inaonesha mahali kitovu kinaweza kupita. Haioneshi upana wa kimbunga. Mvua na mawimbi hutoka nje yake bila taabu. Programu zenye mishale ya upepo inayotembea huonesha utabiri wa kompyuta, si kinachotokea sasa. Utabiri wa siku 10 mbele huzaa vimbunga ambavyo havitakuwapo kamwe. Usisambaze kundini picha ya zaidi ya siku 5, na kila picha unayosambaza iwe na tarehe na saa ya kutolewa. Kila msimu ramani ya mwaka uliopita hufufuka.

Upepo unakuambia uko upande gani

Kusini mwa ikweta, upepo huzunguka kimbunga kama akrabu za saa. Simama uukabili upepo: kitovu kiko kushoto kwako, kidogo kwa nyuma. Wakati wa tanga mbili, kati ya kaskazi na kusi, upepo ni wa kubahatisha, lakini mwanzo wa kusi ukigeuka kutoka kusini-mashariki na kuanza kuvuma imara kutoka kusini-magharibi, huku mawimbi marefu yakija kwa mpangilio toka mashariki, angalia ramani mara moja.

Kitovu kikipita kaskazini yako, upepo hutoka baharini na kuyasukuma maji ufukweni. Huo ndio upande wa kuogopa mafuriko ya bahari. Kikipita kusini yako, upepo hutoka bara. Bahari karibu na ufuko huonekana laini, na hapo ndipo ngalawa hupotea, kwa sababu nahodha anatoka vizuri kisha hawezi kurudi. Ndiyo maana vijiji viwili vya wilaya moja vinaweza kusimulia vimbunga viwili tofauti. Mwaka 1872 Pemba ilisalimika.

Kisha tazama mwezi. Bamvua, yaani maji ya bahari kujaa na kupwa sana, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji hujaa mnamo saa 10 hadi 11, alfajiri na alasiri. Hidaya kilifika siku 4 kabla ya mwezi kuandama, maji yakiwa karibu na mafu, yaani yanapopanda kidogo tu. Kimbunga chenye nguvu ileile kikifika saa 11 alfajiri ya bamvua kinakuta bahari imekwisha kupanda, kwa hiyo vyombo na mizigo vivutwe juu zaidi ya alama ya kawaida ya bamvua.

Upepo ukitulia

Ukitulia ghafla katikati ya dhoruba na kanieneo bado iko chini sana, huenda ni jicho, sehemu tulivu ya katikati ya kimbunga. Usitoke, upepo utarudi kutoka upande wa pili. Dhoruba imeondoka pale kanieneo inapopanda mfululizo kwa saa kadhaa.

Endelea kusoma kipima mvua kwa siku 3 au 4 zinazofuata, na uwaulize walio juu ya mto wamepata milimita ngapi. Mkondo mfupi kama Msimbazi hupanda ndani ya saa chache. Maji ya Rufiji huchukua siku kadhaa kufika delta, na huweza kufika jua likiwaka.