Kuuza kwa mnada eBay bila kuchezewa na waweka dau wenye nia mbaya

Mweka dau mwenye nia mbaya haji kwa sura moja. Yupo anayeshinda mnada kisha anazima simu. Yupo anayeweka dau kubwa mno ili wengine wakate tamaa, halafu analifuta. Na yupo aliye hatari kuliko wote: analipa vizuri, anapokea mzigo, kisha anadai umemtumia kitu kibovu. Wote wanamtegemea muuzaji aliyefungua mnada kwa haraka, bila kugusa mipangilio na bila ushahidi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla ya tatizo kutokea.

Tunazungumzia eBay, soko lililoanza 1995 na ambalo kanuni zake zimeandikwa wazi. Muda na viwango tunavyotaja ni vya Marekani na Uingereza. Ukiuza kupitia tawi la nchi nyingine, hakikisha kwanza.

Kabla hujafungua mnada

Amua kama bidhaa yako inafaa kupigwa mnada. Simu mpya, kompyuta za mkononi na vifaa vya michezo ya video huwavuta matapeli kuliko bidhaa nyingine, kwa sababu ni rahisi kuvigeuza pesa siku hiyohiyo. Bei zake pia zinajulikana, kwa hiyo mnada haukuongezei kitu. Viuze kwa bei maalumu na uwashe sharti la kulipa papo hapo: asiyelipa hajanunua, na bidhaa inabaki sokoni. Mnada uachie vitu ambavyo bei yake haijulikani mpaka wanaovitaka wakutane, kama sarafu za zamani, stempu za Zanzibar, kamera za filamu, saa na vitabu adimu.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya akaunti na utafute ukurasa unaoitwa Buyer requirements, yaani masharti ya wanunuzi. Wauzaji wengi hawajawahi kuufungua. Weka mambo matatu. Zuia wanunuzi ambao oda zao 2 zimefutwa kwa kutolipa ndani ya miezi 12. Zuia wenye anwani katika nchi usizotuma mizigo. Weka pia kikomo cha bidhaa ambazo mtu mmoja anaweza kukununulia ndani ya siku 10, na uamuru kikomo hicho kiwahusu wale tu wenye alama 5 au pungufu za maoni (feedback) kutoka kwa waliofanya nao biashara. Hapo mtu mwenye akaunti ya jana hawezi kushinda minada yako 12 kwa usiku mmoja na kukuachia zote.

Huwezi kumzuia mtu kwa sababu tu ana alama sifuri. Hilo ni sawa, kwani kila mnunuzi mwaminifu alianza na sifuri. Lakini usidanganywe pia na alama nzuri. Tangu 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumwachia mnunuzi maoni mabaya. Kwa hiyo mnunuzi mwenye asilimia 100 huenda ni mtu safi, au amesumbua wauzaji wengi ambao hawakuwa na pa kuandika.

Sasa maelezo na picha. Andika kasoro zote, hata ndogo, na kila kasoro uipigie picha yake. Kwa kifaa chenye namba ya utambulisho, piga picha ya namba hiyo na uihifadhi. Kwa simu, andika IMEI, yaani namba ya kipekee ya simu hiyo, mahali pako, usiiweke hadharani. Kwa sarafu, ipige picha pande zote mbili na ukingoni, na uiweke kwenye mizani ya kidijitali. Rupia moja ya fedha ya Deutsch-Ostafrika, koloni la zamani la Wajerumani Afrika Mashariki, ina gramu 11.66, kwa hiyo picha ya mizani ikionyesha uzito huo itakuwa shahidi wako iwapo mnunuzi atarudisha ya bandia. Mikwaruzo ya sarafu au saa ni kama alama za vidole, hakuna mbili zinazofanana, kwa hiyo hifadhi picha kubwa zisizopunguzwa ubora.

Panga mnada uishe saa ambayo uko macho na una nafasi. Vurugu nyingi hutokea siku ya mwisho, na ukiwa umelala huwezi kufanya lolote.

Mnada ukiendelea

Watazamaji wengine huona majina ya waweka dau yakiwa yamefichwa kwa nyota, lakini wewe muuzaji unayaona. Fungua historia ya madau na ubofye mtu unayemtilia shaka. Utaona muhtasari wa shughuli zake za siku 30: idadi ya madau, bidhaa alizozifuata, asilimia ya madau aliyoweka kwa muuzaji mmoja, na idadi ya madau aliyoyafuta kwa siku 30 na kwa miezi 6. Mtu aliyefuta dau moja kwa miezi sita huenda alikosea kuandika tarakimu. Aliyefuta kumi na tano ana mchezo wake.

Mchezo huo huchezwa hivi. Akaunti ya kwanza inaweka dau dogo, tuseme dola 40. Akaunti ya pili, ya mtu huyohuyo au rafiki yake, inaweka dola 900. Bei inayoonekana haipandi sana, kwa kuwa mfumo hupandisha kiasi cha kumpita wa pili tu, lakini kila anayejaribu kuweka dau anapitwa papo hapo, mwisho anaondoka. Kisha dola 900 zinafutwa, na kama hakuna mwingine aliyezidi dola 40, dau hilo dogo linabaki kileleni. Kwa ajili ya watu wa namna hii eBay imebana ufutaji: zikibaki zaidi ya saa 12, mtu anaweza kufuta, na madau yake yote katika mnada huo yanaondoka, ndani ya saa 12 za mwisho anaweza kufuta tu dau lake la mwisho, tena ndani ya saa moja tangu aliweke. Kwa hiyo kipindi cha kukesha ni kile kinachotangulia saa 12 za mwisho. Kagua historia wakati huo. Mtu mmoja akiwa amewapita wengine wote mara kwa mara, huku muhtasari wake umejaa madau yaliyofutwa, chukua hatua mapema, wanaotaka kweli wakiwa bado wana muda wa kurudi.

Hatua zenyewe ni mbili, na mpangilio wake una maana. Kwanza futa dau lake wewe mwenyewe kama muuzaji, ukitaja sababu. Pili mweke kwenye orodha ya waliozuiwa. Ukimzuia bila kufuta, dau alilokwishaweka linabaki na anaweza kushinda. Ukilifuta bila kumzuia, atarudi baada ya dakika tano.

Kama huna uhakika, mwandikie kupitia ujumbe wa eBay, swali moja la kawaida: mzigo utatumwa wapi, na je, ameona kasoro zilizoandikwa? Mnunuzi wa kweli hujibu. Anayekuomba namba ya WhatsApp, anayetaka mnada uufunge muuziane pembeni, au anayesema atatuma msafirishaji wake na hundi yenye pesa ya ziada, mzuie bila mjadala. Mkitoka nje ya eBay, hakuna kinga yoyote inayokufuata.

Usimjibu tapeli kwa utapeli. Kumpa ndugu yako apandishe bei ya bidhaa yako ni kosa kwa kanuni za eBay, na Uingereza ni kosa la jinai. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford ilimwadhibu muuzaji aliyekuwa akijiwekea madau kwa akaunti nyingine.

Ameshinda lakini halipi

Siku hizi eBay mara nyingi humtaka mweka dau asajili njia ya malipo kabla, na hilo limepunguza adha hii. Halijaimaliza. Mshindi ana siku 4 za kalenda kulipa. Siku ya kwanza mtumie ankara pamoja na salamu fupi. Siku ya tatu mkumbushe mara moja. Usimtukane wala usimtishie: ujumbe wako utasomwa na mtu wa eBay endapo kutatokea mgogoro.

Siku 4 zikipita, futa oda, na hapa ndipo wengi huharibu. Chagua sababu inayosema mnunuzi hajalipa. Ukichagua kwamba mnunuzi ameomba kufuta, haandikiwi kosa lolote, naye kesho ataenda kwa mwingine. Ukichagua kwamba bidhaa imekwisha, unajiwekea doa wewe mwenyewe kwenye rekodi ya uuzaji. Ukichagua sababu sahihi unarudishiwa ada ya mauzo, yeye anaandikiwa kosa la kutolipa, na maoni mabaya aliyokuachia hayahesabiwi. Rekodi hizo ndizo zinazofanya kile kizuizi cha oda 2 kwa miezi 12 kifanye kazi kwa wauzaji wote. Kumwonea huruma ni kumpeleka kwa mwenzako.

Baada ya hapo unaweza kumpelekea aliyefuata Second Chance Offer, yaani kumpa nafasi anunue kwa dau lake la juu. Fikiri kidogo kwanza. Kama bei ilipandishwa na mtu wa uongo, dau la wa pili nalo limevimba kwa sababu alikuwa akishindana na kivuli. Akikataa, usimlaumu. Ni haki zaidi kutazama wa tatu alifika wapi, na kurudisha bidhaa sokoni kwa bei inayokaribia hapo.

Amelipa. Usitume bado

Hakikisha malipo kwa kuingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya eBay, kamwe si kwa kubofya kiungo cha barua pepe. Barua pepe isemayo pesa zimezuiwa mpaka utume namba ya kufuatilia mzigo, huku oda kwenye akaunti yako haionyeshi kuwa imelipwa, ni ya uongo.

Tuma kwenye anwani iliyo kwenye oda, neno kwa neno. Mnunuzi akiandika baadaye kwamba amehama au ni zawadi ya shangazi yake, mwambie oda itafutwa naye anunue upya kwa anwani sahihi. Ukituma kwingine unapoteza kinga ya muuzaji hata ukiwa na picha za mapokezi. Anwani ya wakala wa mizigo ni jambo tofauti: wanunuzi wengi wa Nairobi na Dar es Salaam hununua hivyo, na si dalili ya utapeli. Hata hivyo hifadhi uthibitisho kwamba mzigo ulifika kwa wakala, kwa sababu ukishasafirishwa kutoka hapo dhamana ya eBay ya kumrudishia mnunuzi pesa hukoma.

Tumia usafirishaji wenye namba ya kufuatilia siku zote. Marekani, oda ya jumla ya dola 750 au zaidi inahitaji saini ya mpokeaji. Funga mzigo ukiwa unajirekodi video moja isiyokatwa: bidhaa, namba yake, kasha, gundi, lebo. Posta, omba risiti inayoonyesha uzito. Mtu akidai amepokea boksi tupu, risiti ya kilo 1.4 huzungumza vizuri kuliko barua ndefu.

Anayekuja kuchukua mwenyewe anapaswa kukuonyesha msimbo wa oda wenye tarakimu 6 au mraba wa kuskani (QR). Uingize kwenye programu ya eBay kabla hajaondoka na mzigo. Bila hivyo anaweza kudai hakupokea, nawe hutakuwa na la kuonyesha.

Sasa yule wa hatari. Siku chache baada ya kupokea anaandika: kuna mkwaruzo, nirudishie pauni 40 yaishe. Bidhaa anaitaka, ila anataka punguzo ambalo mnada haukumpa. Jibu liwe moja na la upole: samahani kwa usumbufu, tafadhali fungua ombi la kurudisha kupitia eBay, ukirudisha bidhaa ilivyokuwa utapata pesa yako yote. Wengi hunyamaza hapo. Akitishia maoni mabaya ili alipwe, acha maandishi hayo yabaki kwenye ujumbe wa eBay na uripoti. Kulazimisha kwa maoni ni kosa, na maoni ya namna hiyo yanaweza kuondolewa.

Akifungua ombi kweli, usilikimbie. Una siku 3 za kazi kujibu, na muuzaji anayekaa kimya ndiye anayeshindwa. Likubali, mzigo ukirudi ufungue mbele ya kamera, linganisha namba, mikwaruzo na uzito na picha zako za mwanzo. Ikiwa si bidhaa yako, ripoti kabla hujarudisha pesa. Una siku 2 za kazi tangu mzigo ufike.

Minada ya WhatsApp na Instagram

Huku hakuna mfumo wa kukulinda, kwa hiyo sheria ziandike mwenyewe juu ya kila tangazo: saa ya kufunga, kiwango cha chini cha kupandisha, na muda wa kulipa, usiozidi saa 24. Kwa bidhaa ya thamani, dai amana ya asilimia 10 kabla mtu hajataja bei, na uirudishe siku hiyohiyo kwa walioshindwa, la sivyo hawatakuamini tena. Ujumbe wa malipo ukija, usiuangalie huo, angalia salio. Ujumbe wa uongo wa M-Pesa mara nyingi hutoka kwenye namba ya simu ya kawaida badala ya jina la huduma. Kumbuka pia kwamba Kenya aliyetuma anaweza kuomba pesa irudishwe kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwenye 456. Kwa hiyo wakati wa makabidhiano, pesa ikishaingia, ihamishie benki mnunuzi akiwa bado mbele yako, ndipo umpe bidhaa.