Kuchagua Miwani ya Kwanza ya VR kwa Urubani wa Nyumbani: Anza na Kompyuta na Uso Wako

Anayejifunza urubani wa kuigiza nyumbani, akizunguka uwanja wa ndege wa Songwe kwa Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, kwenye skrini ya kawaida ya kompyuta hukwama mahali pale pale kila mara. Anaporuka sambamba na njia ya kurukia akiwa nayo upande wa kushoto, rubani anatakiwa kuitazama kupitia begani ili ajue wakati wa kukata kona, na skrini iliyo mbele yake haina bega. Atabonyeza kitufe cha kugeuza mandhari, atapoteza mwelekeo, kisha atakata kona akiwa amechelewa. Kwa miwani ya uhalisia pepe, ambayo wengi tunaiita miwani ya VR, yaani kifaa cha kuvaa usoni kinachoonyesha picha kwa kila jicho, anageuza shingo tu. Na anapofika mita chache juu ya lami, macho yake mawili yanapima kimo kama yanavyopima ngazi za nyumbani, hivyo anajua lini ainue pua ya ndege. Kwa sababu hizo mbili ninaamini kwamba mtu anayeupenda urubani wa nyumbani kwa dhati anastahili kuwa na miwani hii, na kwa sababu hizo hizo ninaandika kwa uangalifu, maana nimewaona vijana wa hapa Mbeya wakitumia akiba ya miezi mingi kununua kifaa ambacho kompyuta yao haikiwezi, au ambacho hakilingani na macho yao.

Swali ninaloulizwa kila mara ni “ninunue ipi?”, na mwulizaji huwa ameshalinganisha bei na idadi ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha. Mimi humrudisha nyuma hatua mbili, kwenye kompyuta yake na kwenye uso wake, kwa kuwa mambo hayo mawili yanaweza kufuta nusu ya orodha yake kabla ya bei kuingia katika hesabu.

Tuanze na kompyuta. Skrini ya kawaida ya HD ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani milioni mbili na kidogo. Miwani ya Meta Quest 3 ina pikseli 2064 kwa 2208 kwa kila jicho, ambazo kwa macho mawili zinapita milioni tisa, na programu kwa kawaida huchora zaidi ya hapo ili kufidia mpindo wa lenzi. Mzigo hauishii kwenye ukubwa wa picha. Kwenye skrini ya mezani, fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 zinazochorwa upya kila sekunde, zinatosha kuruka kutoka Songwe hadi Iringa bila manung’uniko, lakini ndani ya miwani fremu 30 hukuletea kichefuchefu kabla hujamaliza kupanda. Miwani nyingi huonyesha picha mara 90 kwa sekunde, na zina mbinu ya kupokea fremu 45 halisi kutoka kwenye kompyuta na kubuni zile za katikati. Kwa urubani wa taratibu mbinu hiyo inafanya kazi vizuri, isipokuwa utaona rafadha au ncha ya bawa ikitetemeka kidogo. Fremu 45 zisizoyumba, basi, ndiyo sakafu ya kusimamia.

Unaweza kujipima bila kununua chochote. Kama unatumia programu ya urubani ya Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020, weka skrini kwenye HD, kisha ingia katika mipangilio ya picha na uongeze kipimo cha uchoraji (render scaling) hadi asilimia 200. Hapo kompyuta itakuwa inachora pikseli zaidi ya milioni nane, kiasi kinachokaribia mzigo wa miwani. Ruka juu ya jiji kubwa kukiwa na mawingu, na utazame hesabu ya fremu. Ikibaki juu ya 45 una nafasi nzuri. Ikishuka hadi 25, hakuna miwani yoyote, ya bei ndogo wala kubwa, itakayokuokoa, na fedha yako itumike kwanza kwenye kadi ya grafiki, sehemu ya kompyuta inayochora picha. Kipimo hiki hakikamiliki, kwa kuwa VR huongeza pia mzigo wa prosesa, lakini kimewazuia watu kadhaa ninaowafahamu kufanya kosa la gharama kubwa. Kwa maoni yangu, kadi yenye kumbukumbu yake ya GB 8 ni mwanzo wa kubana, GB 12 inatoa pumzi, na RAM ya kompyuta iwe GB 32 kama uwezo upo.

Wenye laptopu wana jambo la ziada la kuangalia. Baadhi ya miwani hutaka tundu la kutoa picha liitwalo DisplayPort, na laptopu nyingi zina tundu la aina nyingine, HDMI, peke yake. Hata pale penye tundu linaloonekana kufaa, kwenye baadhi ya laptopu tundu hilo limeunganishwa na grafiki ndogo ya prosesa badala ya kadi yenyewe. Miwani ya Quest hupokea picha kupitia waya wa USB au Wi-Fi, kwa hiyo haiulizi habari za DisplayPort. Aliye na laptopu ya michezo na hana kompyuta ya mezani, nafasi yake ya kufanikiwa iko hapo.

Sasa uso. Umbali kati ya mboni na mboni hutofautiana kati ya mtu na mtu, na lenzi za miwani zinatakiwa kulingana nao. Kwa watu wazima wastani ni karibu milimita 63, na wengi wako kati ya 54 na 74. Simama mbele ya kioo kwa umbali wa sentimita 20 hivi, weka rula kwenye paji la uso juu tu ya nyusi, fumba jicho la kulia na ulinganishe sifuri na katikati ya mboni ya kushoto, kisha bila kusogeza kichwa fumba la kushoto na usome namba iliyo juu ya mboni ya kulia. Rudia mara tatu. Daktari wa macho anaweza pia kukupa namba hiyo kwa dakika moja.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu liliniumiza mimi mwenyewe. Miwani yangu ya kwanza ilikuwa Quest 2 iliyotumika, ambayo lenzi zake husogezwa katika hatua tatu tu, yaani milimita 58, 63 na 68. Macho yangu yana umbali wa milimita 71. Kwa majuma matatu niliishia na maumivu ya kichwa kila baada ya dakika 20, nikalaumu kompyuta, nikalaumu programu, nikapunguza ubora wa picha hadi milima ya Uporoto ikawa kama madonge ya ugali. Siku moja mke wangu aliivaa, akasogeza lenzi hatua ya katikati, akaniambia anasoma namba zote kwenye dashibodi bila taabu. Ndipo nilipochukua rula. Quest 3S ina hatua zile zile tatu, kwa hiyo mwenye macho ya umbali kama wangu aikwepe, wakati Quest 3 ina gurudumu linalosogeza lenzi kidogo kidogo kutoka 58 hadi 71. Mtu wa milimita 60 au 65 hana sababu ya kuhofu.

Wanaovaa miwani ya macho wapime upana wa fremu yao na waulize kama inaingia ndani ya miwani ya VR. Kioo cha miwani ya macho kikigusana na lenzi ya VR, zote mbili hukwaruzika, na mkwaruzo kwenye lenzi haufutiki. Zipo lenzi za nyongeza zinazotengenezwa kwa vipimo vya daktari na kupachikwa ndani ya kifaa; kwa mtu atakayeruka kila wiki, gharama hiyo ninaiona ya lazima.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze kuhusu picha, na kwa urubani swali ni moja: je, utasoma saa za dashibodi, yaani vipimo vya ndege, bila kuinamisha kichwa? Jicho lenye afya hutambua takriban pikseli 60 katika kila nyuzi moja ya uwanja wa kuona. Quest 3 hutoa kama 25, na Quest 2 hutoa takriban 20. Tofauti hiyo ya tano inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua kama namba ndogo za kipima-kimo zinasomeka ukiwa umekaa wima. Aina ya lenzi ina uzito kama huo. Quest 2, Quest 3S na PlayStation VR2 zina lenzi za Fresnel, zenye miduara iliyochongwa inayofanana na ile ya sahani ya santuri. Picha ni safi katikati na hufifia pembeni, hivyo unalazimika kugeuza kichwa kizima kuielekea kila saa unayotaka kuisoma. Quest 3 na Pico 4 zina lenzi bapa za tabaka zinazoitwa pancake, ambazo picha yake ni safi karibu hadi ukingoni, na hapo unaweza kutupa jicho tu, kama rubani wa kweli anavyofanya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa wazi ni huu. Kompyuta ikiruhusu na fedha ikiwepo, chagua Quest 3. Kompyuta ikiwa ya wastani, fedha ikiwa kidogo, na umbali wa macho yako ukikaribia hatua zile tatu, Quest 3S itakutosha, na pikseli zake chache zitaipunguzia kadi yako mzigo. PlayStation VR2, ambayo tangu mwaka 2024 inaunganishwa na kompyuta kwa kifaa maalumu cha Sony, ina skrini za OLED zenye giza la kweli na inapendeza sana kwa safari za usiku, lakini inahitaji DisplayPort, na lazima ikae usoni kwa usahihi mkubwa. Pimax Crystal Light, yenye pikseli 2880 kwa 2880 kwa kila jicho, ni chombo cha mtu ambaye tayari ana kadi ya hali ya juu. Isiwe ya kwanza kwako. Halafu kuna HP Reverb G2, ambayo utaikuta ikiuzwa kwa bei ya kuvutia. Picha yake ni nzuri, lakini ilitegemea mfumo wa Windows Mixed Reality ambao Microsoft iliuondoa katika Windows 11 toleo la 24H2. Mjuzi anaweza kutafuta njia, ila anayeanza aiache.

Intaneti nayo iingie katika hesabu. Microsoft Flight Simulator huvuta picha za ardhi kutoka mtandaoni wakati unaruka, na bando la simu huisha upesi kuliko unavyodhani. X-Plane 12, programu nyingine ya urubani, hupakuliwa mara moja, kisha haihitaji kuvuta picha za ardhi kutoka mtandaoni unaporuka. Kwa aliye Makete au Ludewa, ambako mtandao haujatulia, ningeanza na hiyo. Ukitaka kuunganisha Quest bila waya, usichanganye intaneti na Wi-Fi ya ndani: kinachotakiwa ni ruta yenye masafa ya 5 GHz, iliyo chumba kimoja na wewe, na iliyounganishwa na kompyuta kwa kebo ya mtandao. Kwa urubani, ambapo umekaa kitini muda wote, waya wa USB haukusumbui, na unaichaji miwani unaporuka.

Kama unanunua iliyotumika, iwe Mwanjelwa, Kariakoo au kupitia ndugu aliye ughaibuni, omba iwashwe mbele yako. Tazama lenzi kwa kuzielekeza kwenye mwanga wa kando ili uone mikwaruzo. Vaa, fungua picha nyeupe, na utafute vidoa au alama ya mstari. Lenzi zilizoachwa wazi kwenye jua huikusanya miale kama kioo cha kukuzia na kuiunguza skrini kwa sekunde chache, na doa hilo halina tiba. Tikisa kidogo plagi ya USB ikiwa tunduni. Mwishoni mwuzaji aondoe akaunti yake na kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani, la sivyo umenunua kifaa chenye mwenyewe.

Usitumie fedha yote kwenye miwani. Ukishaivaa huoni kibodi, kwa hiyo unahitaji joistiki yenye vitufe vya kutosha, na ni vema kubandika vipande vidogo vya utepe kwenye vitufe viwili vitatu unavyovitumia zaidi ili vidole vivitambue. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, yaani betri ya akiba, kwa maana umeme unaokatika ghafla ukiwa kwenye kona ya mwisho huondoa ulimwengu wote mbele ya macho, na hilo hushtua mwili kuliko mtu anavyotarajia. Kamera za Quest huhitaji mwanga wa chumba ili zijue kichwa kiko wapi, hivyo washa taa usiku, ila pazia lifungwe mchana ili jua lisifikie lenzi.

Baridi yetu ya Juni na Julai ina adabu yake. Miwani iliyolala chumbani Uyole au Njombe huwa na lenzi baridi, na ukiivaa tu, unyevu wa uso hugeuka ukungu. Iwashe na uiache dakika 10 ipate joto kabla ya kuivaa, wala usiiweke karibu na jiko la mkaa. Futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu, bila spiriti.

Juma la kwanza ruka kwa dakika 10 hadi 15 tu, asubuhi hali ya hewa ikiwa tulivu katika programu, bila kukata kona kali. Tumbo likianza kuzunguka, vua papo hapo. Kuvumilia huufundisha mwili kuichukia miwani. Safari nzuri ya kuzoea ni kutoka Songwe kuelekea kusini-mashariki, ukipanda taratibu kwa kuwa uwanja wenyewe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, ukaupita Rungwe wenye mita 2,960 ukiwa umeuacha ubavuni, kisha ukashuka juu ya Tukuyu na mashamba yake ya chai hadi ardhi inapofunguka kwenye tambarare ya Kyela. Geuza kichwa kushoto pale, na Ziwa Nyasa litakuwa limelala chini ya bawa lako.