Kutoka Mombasa hadi Hoteli ya Kifahari ya Theluji: Mambo ya Kupanga Mapema

Msimu wa kaskazi, ambapo Mombasa feni haizimwi usiku kucha, ndio msimu ambao vijiji vya milima ya Alps hujaa theluji na wageni. Anayekusudia kulala katika hoteli ya kifahari huko, tuseme Zermatt nchini Uswisi, na aanze matayarisho miezi minne kabla, kwa sababu ombi la viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uswisi ikiwamo) halipaswi kuchelewa hadi siku 15 za mwisho, na huambatana na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Isome bima hiyo hadi mwisho. Nyingi haziuhesabu mchezo wa skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa vibao vinavyofungwa miguuni, mpaka uongeze malipo, na kumteremsha majeruhi mlimani kwa helikopta ni gharama inayoweza kuizidi ile ya hoteli.

Kabla ya kulipia chumba, iulize hoteli kwa maandishi ni kipi kimo ndani ya bei na kipi hakimo. Sisi tuliozoea hoteli za Nyali na Diani, ambako mgeni hulipa mara moja akala mchana na jioni, huweza kudhani kwamba huko ni vivyo hivyo. Mara nyingi bei hujumuisha kiamshakinywa na chakula cha jioni tu, kwani mchana wageni wako mlimani. Kodi ya wageni inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, tiketi ya lifti za mlimani (viti na vyumba vya kamba vinavyowapandisha wageni juu), mwalimu na vifaa vya kukodi huwa hesabu nyingine. Bei hupanda sana Krismasi, Mwaka Mpya na likizo za shule za Februari, kwa hiyo mimi ningechagua katikati ya Januari.

Kuhusu mavazi, usinunue kila kitu kipya. Majaketi mazito ya mitumba hupatikana Kongowea, na katika mji usio na baridi hayagombaniwi. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na umajimaji na kukupoza. Buti, vibao na kofia ngumu vikodishwe hukohuko. Vaa soksi jozi moja tu ndani ya buti, kwani mbili hujikunja na kuumiza mguu.

Zermatt haina magari ya petroli: hufikiwa kwa treni, na anayekuja kwa gari huliacha Täsch. Ijulishe hoteli saa ya treni yako, maana nyingi hupeleka kigari cha umeme stesheni. Kijiji kiko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari na lifti hupanda hadi zaidi ya mita 3,800, hivyo mtu wa pwani atembee polepole siku ya kwanza, anywe maji mengi na ajipake mafuta ya kujikinga na jua, kwa kuwa theluji huurudisha mwanga wake usoni.

Ndani ya hoteli, buti na vibao huachwa katika chumba chake maalumu, wala haviingizwi mapokezi. Jambo linalowashtua wengi wetu ni sauna, chumba cha joto kali la kutoa jasho: katika hoteli nyingi za Uswisi na Austria wanaume na wanawake huingia pamoja bila nguo, kwa hiyo uliza mapema kama zipo saa za wanawake pekee au sauna ya faragha. Mwislamu aulize pia kuhusu chakula, kwani fondue, yaani jibini lililoyeyushwa, hupikwa kwa divai nyeupe, na rösti, yaani viazi vya kukwaruzwa na kukaangwa, huweza kutiwa nyama ya nguruwe. Kibla kiko upande wa kusini-mashariki, na Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, basi alasiri isikupite ukiwa bado kwenye lifti.

Mwanafunzi aanzie uwanja wa wanaoanza akiwa na mwalimu, kisha njia za buluu, kwani njia za kutelezea hutiwa rangi kulingana na ugumu wake. Nyekundu zina mteremko mkali zaidi, na nyeusi ni za mabingwa.

Omba hesabu yako usiku wa kuamkia kuondoka, uikague mstari kwa mstari kabla foleni ya asubuhi haijaanza. Nchini Uswisi malipo ya huduma yamo ndani ya bei, hivyo bakshishi ni hiari yako.