Dozi ikirudiwa wodini: muuguzi kiongozi uanzie wapi

Katika wodi ya wazazi niliyoiongoza, mama mwenye kifafa cha mimba alichomwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 5 mara mbili ndani ya nusu saa. Dawa hiyo hurudiwa kila baada ya saa 4. Muuguzi wa jioni alichoma, akaitwa mbio chumba cha kujifungulia kabla hajaandika. Wa usiku akakuta chati haijajazwa, naye akachoma.

Waliponiita sikuuliza ni nani. Shika saa, hesabu pumzi dakika nzima. Zikiwa chini ya 16, usimwache. Gonga chini ya goti: mguu usiporuka, dawa imezidi. Tazama mfuko wa mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Daktari aitwe papo hapo, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kupunguza nguvu ya magnesiamu, iwe karibu na kitanda, si kabatini ambako ufunguo ameondoka nao mtu. Yule mama alikuwa na pumzi 11 na goti kimya. Daktari aliagiza kalsiamu gramu 1, ikaingizwa mshipani polepole kwa dakika 10. Nilimhesabia pumzi hadi alfajiri. Alipona.

Kisha andika faili kama ilivyotokea: saa, dozi, hatua. Usifute, palipokosewa piga mstari mmoja na utie sahihi. Ndugu waambiwe mapema, wewe na daktari mkiwapo. Nilimwambia mumewe, "Baba, mkeo amechomwa dawa mara mbili. Kosa ni letu, tunakuomba radhi."

Wauguzi niliwaita mmoja mmoja, mlango umefungwa. "Mwanangu, nieleze tangu ulipopokea zamu." Ukimfokea mtu mbele ya wenzake, kosa lijalo litafichwa, na mgonjwa ndiye atakayeumia. Aliyeghushi chati au kuja kazini amelewa, huyo ni wa hatua za nidhamu. Hawa hawakuwa hivyo.

Nilichokiona baada ya kuwasikiliza: chati zilikaa ofisini, na zamu zilikabidhiwa mezani, mbali na wagonjwa. Chati tukazihamishia vitandani. Tukakabidhiana zamu tukiwa mbele ya mgonjwa, na magnesiamu ikawa ya watu wawili: mmoja anavuta dawa, mwingine anasoma chati kwa sauti, wote wanatia sahihi kabla ya kuondoka kitandani.

Wiki chache baadaye yule wa jioni alinifuata: "Sista, leo nimekaribia kumchoma asiyehusika." Tukakaa, tukajaza fomu pamoja.