Ukigombana na mtu barabarani, usibebe kesi isiyokuwa yako

Kioo cha pembeni cha gari kilinigonga kwenye kiwiko. Sikuanguka, ila ngozi iliwaka kama iliyopitishwa msasa, na kwa hatua kama ishirini baiskeli iliyumbayumba huku nikiushikilia usukani kwa vidole vilivyokufa ganzi. Dereva hakusimama. Mbele kidogo taa zilikuwa nyekundu, nikamkuta pale, madirisha yamefungwa, anatazama mbele kama vile hakuna lililotokea. Nikalipiga paa la gari lake kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu zangu zote.

Polisi walipofika, paa lilikuwa limebonyea. Kiwiko changu kilikuwa na wekundu ambao ungeweza kutokana na chochote. Hakuna aliyeona gari likinigusa, lakini watu sita waliniona nikilipiga. Niliingia kituoni nikiwa mlalamikaji, nikatoka nikiwa mtuhumiwa wa kuharibu mali. Nililipia matengenezo yote na kuandika kwa mkono wangu kwamba nimekosa, ili yaishe.

Mchana naendesha gari la mizigo, asubuhi na jioni naendesha baiskeli, kwa hiyo hasira za pande zote mbili nazijua. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza madereva wenzangu na waendesha baiskeli wenzangu jambo moja: mbele ya sheria, kosa la kwanza na kosa la pili ni vitu viwili tofauti. Kosa la kwanza ni la barabarani: kumbana mtu, kuchomekea, kupita kwenye taa nyekundu. Mara nyingi huishia kwenye faini au pointi kwenye leseni. Kosa la pili ni lile la kulipiza, na hilo lina majina mengine kabisa: shambulio, kutishia, kuharibu mali, kujeruhi kwa kukusudia. Ukisema "yeye ndiye aliyeanza," hakimu huenda akakupunguzia adhabu, lakini hatia inabaki palepale. Kujitetea kunakubalika wakati hatari ipo, na kwa kiasi cha hatari hiyo. Mtu akishaondoka nawe ukamfuata, hatari sasa ni wewe.

Haya ninayoeleza ni ya kukusaidia usifike huko.

Ukiwa ndani ya gari

Naanza na dereva kwa sababu yeye ndiye mwenye chuma. Gari dogo la kawaida lina uzito wa zaidi ya tani moja, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mtu na baiskeli yake kwa kawaida hawafiki kilo mia. Ndiyo maana mahakama za nchi nyingi hulihesabu gari lililoelekezwa kwa mtu kwa makusudi kuwa ni silaha. Si lazima hata umguse. Kumsukumia pembezoni, au kumkatia mbele na kukanyaga breki ili ashituke, kunaweza kufungua jalada la jinai.

Tarehe 4 Julai 2008, Los Angeles, daktari mmoja alirushiana maneno na waendesha baiskeli wawili waliokuwa wakiteremka barabara nyembamba ya milimani. Akawapita, akaingia mbele yao, akafunga breki. Mmoja alipasua kioo cha nyuma cha gari kwa uso wake. Wa pili alirushwa chini, bega likaachana. Ukitazama juu juu, wao ndio waliomgonga kwa nyuma, na katika ajali ya kawaida hilo lingembeba dereva. Lakini askari aliyefika pale alitoa ushahidi kwamba daktari alimwambia alitaka kuwafunza adabu. Mwezi Januari 2010 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Mashtaka yaliyomtia hatiani yalikuwa pamoja na shambulio kwa silaha, na silaha yenyewe ni gari.

Kwa hiyo la kwanza kwa dereva: ukiona damu inapanda, toa mguu kwenye mafuta. Acha nafasi ikue mbele yako hadi uone lami, hadi yule mtu awe mdogo kidogo machoni. Honi iache. Ndani ya gari honi ni kelele ya kawaida, lakini kwa mtu asiye na bodi wala kioo cha kumkinga, honi ya mgongoni ni sawa na ngumi ya sikio. Anaweza kuyumba akaja mbele ya tairi lako.

La pili ni umbali. Ujerumani iliuandika kwenye sheria yake mwaka 2020: angalau mita 1.5 unapompita mwendesha baiskeli mjini na mita 2 nje ya mji. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje. Uingereza, mwongozo wa barabara uliofanyiwa marekebisho Januari 2022 unataka angalau mita 1.5 kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, na zaidi ya hapo ukiwa mbio. Mimi huipima mita moja na nusu hivi: naifikiria baiskeli imelazwa chini, imekingama kati ya gari langu na yule mtu. Kama isingeenea bila kukanyagwa, simpiti. Nangoja.

Na ngoja nikueleze kwa nini yule mtu "amekaa katikati ya barabara", maana hasira nyingi za madereva huzaliwa hapo. Pembeni kuna milango ya magari yaliyoegeshwa, na mlango ukifunguliwa hula nafasi ya karibu mita nzima kwa kufumba na kufumbua. Kuna mashimo, vifuniko vya mitaro, mchanga na vioo. Tena barabara ikiwa nyembamba, akijibana ukingoni anakualika umpite mahali ambapo hamuenei wote wawili. Akikaa katikati anakuambia usinipite hapa, na katika nchi nyingi ana haki hiyo. Dereva anayejua hili hasira inampungua nusu, kwa sababu haoni tena kwamba anadharauliwa.

La tatu, usishuke. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Ukiwa umekaa ndani, umefunga mkanda na milango, wewe ni dereva aliyeudhika. Ukifungua mlango ukatembea kumfuata mtu, kila hatua inahesabiwa. Mwendesha mashtaka atauliza kwa upole tu: ulikuwa na njia ya kuondoka? Ulikuwa nayo. Basi kwa nini ulishuka? Sijawahi kusikia jibu la swali hilo lililomsaidia mtu. Kushuka kuwe kwa kumsaidia majeruhi, na hapo ni wajibu: ukimgonga mtu ukaondoka, kukimbia peke yake ni kosa jingine, mara nyingine zito kuliko la kumgonga.

Oktoba 2024 jijini Paris, kijana wa miaka 27 aliyekuwa kwenye baiskeli alikanyagwa na gari akafa baada ya kuzozana na dereva. Dereva hakufunguliwa jalada la ajali. Lilikuwa la mauaji.

Ukiwa juu ya baiskeli

Ndugu yangu, mikono ibaki kwenye usukani wako. Usipige boneti, usikunje kioo, usiteme mate, usirushe chupa ya maji, usichomoe funguo, usisimamishe baiskeli mbele ya bampa ili "asiondoke". Najua ilivyo. Mtu amekaribia kukuua na anaondoka akiwa amekaa kwenye kiti laini. Kiganja changu kinakumbuka. Lakini alama kwenye gari lake ni ushahidi unaobaki, wakati upepo wa gari lililokupita sentimita ishirini haubaki popote.

Zaidi ya yote usilishike gari. Agosti 2009 jijini Toronto, mwendesha baiskeli mmoja alizozana na dereva wa gari la wazi, akaling'ang'ania likiwa linaondoka, akafa kwa majeraha. Dereva aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Ontario. Alishitakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo, na Mei 2010 mashtaka yakafutwa. Mtu amekufa, mwingine amebeba jina la kifo hicho maisha yake yote, na mahakama haikuhukumu lolote. Kila nikifika kwenye taa na mkono ukaanza kuwasha nalikumbuka hilo.

Wala usidhani baiskeli inakukinga na sheria. London, mwaka 2017, kijana aliyemgonga mama aliyekuwa akivuka barabara, na mama huyo akafa, alifungwa miezi 18. Baiskeli yake haikuwa na breki ya mbele. Aliachiwa kwenye shtaka la kuua bila kukusudia, ila alitiwa hatiani kwa kifungu cha sheria ya mwaka 1861, iliyotungwa enzi za farasi.

Ukibanwa, fanya hivi. Punguza mwendo, ingia pembeni mahali salama, weka mguu chini. Utatetemeka, ni kawaida, kwa hiyo usijaribu kuandika kwenye simu. Itamke namba ya gari kwa sauti, tarakimu moja moja, mara tatu au nne. Kama una kamera kifuani au kwenye kofia, sauti yako itaingia hata kama picha imetikisika. Kama huna, fungua kinasa sauti cha simu useme: namba, rangi, aina ya gari, lilielekea wapi, saa ngapi, dereva alivaaje. Kisha geuka umtafute shahidi kabla hajaondoka. Mwombe jina na namba ya simu tu. Usimwombe akubali kwamba wewe ndiye uliyekosewa, kwa sababu akianza kupima upande atakukimbia.

Usimfuate dereva. Usimjibu. Kama amesimama anakuja kwako, baiskeli iweke kati yenu kama uzio, sema kwa sauti ya kusikika na wapitaji, "Sitaki ugomvi, naondoka," kisha uondoke kweli, ikiwezekana kuelekea asikoweza kwenda na gari.

Ushahidi, kwa pande zote mbili

Hapa ndipo watu wengi wenye haki huangukia. Picha ya video ikabidhiwe polisi nzima, pamoja na dakika kadhaa kabla na baada ya tukio. Ukikata sehemu uliyotukana, wakili wa upande wa pili ataiuliza sehemu hiyo kabla ya nyingine yoyote, na shaka itaanza kutambaa hadi kwenye yale uliyosema kweli. Kamera nyingi hujifuta zenyewe kwa kurekodi juu ya za zamani, kwa hiyo toa kadi siku hiyohiyo. Angalia pia saa ya kamera. Kama inakwenda mbele kwa dakika saba, iseme kwenye maelezo yako mwenyewe kabla hujaulizwa.

Usiirushe mitandaoni kabla ya kuripoti. Utamu wa kuungwa mkono na watu usiowajua ni wa siku moja, na maneno uliyoandika chini ya video ukiwa na hasira yatasomwa mahakamani na mtu aliyetulia. Ripoti mapema pia. Uingereza, kwa mfano, kwa makosa mengi ya uendeshaji mwenye gari hutakiwa kupelekewa taarifa ndani ya siku 14, na zikipita hizo kesi inaweza kufa hata kama video ni safi.

Maelezo yako polisi yawe ya yale uliyoyaona na kuyasikia. "Alitaka kuniua" ni hukumu, na hukumu si kazi yako. "Alinipita, akarudi mbele yangu, taa zake za breki zikawaka, hakukuwa na kitu mbele yake" ni ushahidi, na unauma zaidi. Kwa dereva vilevile: ukiulizwa, taja jina na nyaraka zako kama sheria inavyotaka. Sababu za moyoni ziweke hadi umwone wakili. Mkumbuke yule daktari.

Fedha

Kesi ya jinai ikiisha, ya madai inaweza kuanza, na huko kinachohitajika ni kidogo zaidi: inatosha kuonyesha kwamba yaelekea ndivyo ilivyokuwa. Mtu huweza kuachiwa na mahakama ya jinai kisha akalipa fidia. Uholanzi inamtwisha mzigo mwenye gari tangu mwanzo. Akimgonga mtu wa baiskeli hulipa angalau nusu ya hasara, isipokuwa athibitishe kwamba lilikuwa jambo lisiloepukika au yule mtu alijitakia kwa makusudi, na kwa mtoto wa chini ya miaka 14 hulipa yote.

Dereva akumbuke jambo moja kuhusu bima: hulipia ajali, hailipii hasira. Mikataba mingi haihusishi madhara ya kukusudia. Kampuni inaweza kumlipa majeruhi, kisha ikakugeukia wewe ikudai mpaka senti ya mwisho, nawe leseni imeshafungiwa na ndiyo iliyokuwa ikikulisha.

Aliyeumia asisaini karatasi ya kusameheana pale kando ya barabara, hata kama mwenzake anaomba msamaha kwa machozi. Dalili za mtikisiko wa ubongo huweza kujitokeza baada ya saa nyingi. Nenda kwanza kwa daktari, mwambie ulivyoumia, na hakikisha ameandika. Kofia iliyopasuka usiitupe, nguo zilizochanika usizifue, gurudumu lililopinda usilinyooshe mpaka limepigwa picha karibu na kitu cha kupimia ukubwa. Kiwiko changu nilikipiga picha siku ya tatu, wekundu ukiwa umeshageuka kijivu kama vumbi. Chako kipige kabla hujanawa.