Somo: kikapu cha kuivisha maharage bila kumaliza makaa (byayi ya mgomba na blanketi la zamani tu)

Haya jamani, niliahidi na deni ni deni. Watu wamenitumia meseji wiki nzima mama wa Bombo lete kile kikapu, lete kile kikapu, basi leo nimekaa chini niandike yote mara moja.

Tuanze na makaa maana ndo yaliyonifikisha hapa. Tangu ile Mei 2023 Rais Museveni alipotoa amri ya kuzuia biashara ya makaa kaskazini mwa Uganda yetu, gunia lilipanda mpaka likavuka laki, na ukinunua kwa kadebe ndo unaumia zaidi kwa sababu kila siku unatoa hela kidogo kidogo na huoni zimeenda wapi. Mimi nilikaa nikahesabu nikakuta zimeenda kwenye maharage. Haragwe kavu la nambale linatokota masaa mawili, saa zingine matatu, na muda wote huo unaongeza makaa. Sasa kumbe sufuria ikishachemka, imechemka, maji hayazidi kupata joto hata ukiweka jiko zima chini yake, yale makaa unayoongeza yanalipia tu joto linalotoroka pembeni na kwenye mvuke. Ukilizuia lisitoroke, chakula kinaendelea kuiva chenyewe.

Na msiseme ni mambo ya wazungu. Nani hapa hajui kuboobeza matoke? Yamefungwa kwenye majani ya mgomba, yamepondwa, yamerudishwa kwenye moto wa kufa yatulie mpaka wageni wafike. Kikapu ni kuboobeza bila ule moto wa kufa.

Lakini niwaambie ukweli, cha kwanza nilichotengeneza kilikuwa aibu. Nilichukua tenga kubwa, sufuria ndogo, nikajaza vitambaa ovyo ovyo, alafu nikawa nafungua kila baada ya nusu saa kuona kama kweli inafanya kazi. Mchana maharage magumu kama kokoto, jioni yanatoa povu na harufu, nikamwaga yote na mume wangu akaenda kula rolex, ile chapati ya mayai, barabarani. Kwa hiyo haya yote nayoandika hapa nimeyalipia.

VITU UTAKAVYOHITAJI

Kikapu au tenga lenye mdomo mpana, liizidi sufuria yako kwa kiganja kizima kila upande, usipime kwa macho, ingiza sufuria na mkono. Mimi langu nilisukiwa na jirani kwa elfu kumi na tano, kwetu Bombo wanaojua kusuka hawakosekani, lakini hata lile kuukuu la sokoni lililotoboka linafaa. Byayi, yaani maganda makavu ya shina la mgomba, haya ni bure kabisa, ingia shambani kwa mtu umwombe, atakushukuru umemsafishia. Blanketi la zamani la pamba au sufu, langu nililipata soko la Owino, Kampala, kwa elfu tano baada ya kubishana mpaka koo likakauka. Kiroba kimoja au viwili vya unga. Kipande cha kitenge. Sindano ya gunia na uzi wake. Na vitambaa vya takataka kutoka kwa fundi cherehani, wao wanavitupa, wewe peleka mfuko tu.

Kavera, yaani mfuko wa plastiki, usiweke ndani kwenye sehemu inayogusa sufuria, inalainika na kunuka na harufu inaingia kwenye chakula.

HATUA YA 1. Anika byayi juani siku mbili au tatu mpaka ukikunja inalia kwa ukavu. Hii watu wanairuka na ndo inayoharibu kila kitu, byayi mbichi inapitisha joto, alafu baada ya wiki inaota ukungu na kikapu kizima kinanuka kama shimo.

HATUA YA 2. Kikapu kimesukwa, maana yake kina matundu, na upepo unapita. Kwa hiyo pasua kiroba, kitandike ndani yote mpaka mdomoni, shona na sindano ya gunia hapa na pale kisicheze.

HATUA YA 3. Chini weka byayi unene wa kiganja ukishaikandamiza, siyo kabla. Panda juu yake kwa goti ukitaka. Alafu weka sufuria yako katikati, tupu na ya baridi, ile ile utakayopikia kila siku siyo nyingine. Hapo anza kujaza pembeni, byayi unaisokota kidogo unaisukumia chini na mti wa mwiko, zunguka, rudi tena, mpaka ufike usawa wa mdomo wa sufuria. Masikio ya sufuria yaachie nafasi yake usije ukashindwa kuitoa ikiwa ya moto. Pale penye uwazi wa vidole viwili ndo joto litakapopitia, mimi cha kwanza kiliniponyoka hapo hapo.

HATUA YA 4. Toa sufuria taratibu. Utaona kiota. Sasa laza blanketi ndani ya kile kiota likifuata umbo lake, lipande juu mpaka lifunike mdomo wa kikapu, alafu juu ya blanketi kitenge kwa sababu kitenge unaweza kukitoa ukafua na blanketi huwezi kila siku. Blanketi shona kwenye mdomo wa kikapu, kitenge funga tu kwa kamba.

HATUA YA 5. Mto. Huu ndo kifuniko na usiufanyie uchoyo, joto linapanda juu. Shona mfuko wa duara unaozidi mdomo wa kikapu, jaza vitambaa vya fundi mpaka uwe mnene kama mto wa kulalia, lakini uwe laini uweze kujibana kwenye mfuniko wa sufuria bila kuacha hewa katikati. Ukiwa mgumu kama mpira unakaa juu juu tu.

Kutengeneza kumeisha, ni kazi ya alasiri moja.

KUPIKIA SASA

Maharage loweka usiku, asubuhi maji yale mwaga weka mengine. Chemsha kwa nguvu, yatokote kabisa kwa dakika 20 mpaka 30, mfuniko juu. Msipunguze hapa kwa uchoyo wa makaa, maharage hasa haya mekundu yana sumu yake ambayo inavunjwa na kuchemka kweli kweli, angalau dakika kumi za kutokota, joto la uvuguvugu haliiondoi. Sufuria iwe imejaa, robo tatu kwenda juu, sufuria nusu tupu inapoa haraka. Ukiitoa motoni, iangalie chini kama kuna kaa limeng'ang'ania, ifute na kitambaa kibichi, alafu ndani ya kikapu haraka, mto juu, na usifungue. Mimi naweka saa moja asubuhi, nafungua saa sita au saa saba mchana, natia kitunguu na nyanya nilizokaanga, narudisha motoni yachemke tena dakika chache, tunakula.

Mchele unachemka dakika tano tu, kikapuni kama saa nzima. Matoke ya kumenya yachemke dakika 15 hivi, kikapuni masaa mawili. Mahindi na maharage pamoja, yale makavu yaliyolowekwa, chemsha dakika 40 na uyaache masaa sita au zaidi. Maji punguza kama robo ya unayoweka kawaida maana humu hakuna mvuke unaoenda popote, mara ya kwanza wali wangu ulikuwa uji. Na posho, yaani ugali, msiniulize, posho inataka mkono na mwiko, kikapu hakisongi.

MASWALI YENU

Mdau wa Kabale: Dada, nimefanya kama ulivyosema mara mbili, maharage yameiva nusu. Huku kwetu baridi sana, au ni kikapu?

Pole ndugu yangu. Baridi inachangia lakini kubwa ni mlima. Kabale mko juu sana, karibu mita 2,000, na huko juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwenu yanachemkia kama 93 hivi wakati sisi huku chini yanafika 96. Kwa hiyo sufuria yako inaingia kikapuni ikiwa na joto pungufu tangu mwanzo. Chemsha dakika 45 badala ya 25, ongeza byayi kwenye kuta, na usiweke kikapu sakafuni kwenye saruji, kiweke juu ya ubao au gunia. Na maharage ya zamani yaliyokaa stoo miaka miwili hayaivi hata kwa petroli, hiyo nayo uangalie.

Mwanafunzi wa hosteli, Kampala: Mimi sina tenga wala shamba la kuomba byayi. Nina boksi.

Boksi linafaa kabisa mwanangu. Kunja kunja magazeti, Bukedde la jana na la juzi, yakunjwe kila karatasi iwe kama mpira, jaza chini na pembeni vile vile, juu mto. Linalokuua ni unyevu, mvuke unalowesha boksi, baada ya mwezi mmoja au miwili linalegea unatafuta lingine. Na kabla hujapika hosteli muulize msimamizi, nisije nikalaumiwa.

Mama wa Nakivale: Jambo mama. Sisi huku kambini tunapika sombe na kuni, inakula kuni mingi sana. Sombe inaweza kuingia kwa kikapu? Na blanketi ya kupasua hatuna, iko nyasi tu.

Mama asante kwa hili swali, ni zuri kuliko yote. Nyasi kavu inafanya kazi vizuri tu, wazee wa Uingereza wakati wa vita vya pili walipikia kwenye masanduku ya nyasi kavu. Jaza kiroba nyasi uzunguushe sufuria, kiroba kingine cha nyasi kiwe mto. Lakini kwenye sombe sikiliza vizuri, majani ya muhogo yana sumu inayotoka na mvuke, kwa hiyo yatwange kama kawaida yenu, yachemshe kwanza BILA mfuniko nusu saa au zaidi hewa itoke, usiyafunge mapema. Baada ya hapo ndo tia mawese na vingine, yachemke tena, funika, peleka kikapuni masaa matatu manne. Utapunguza kuni za ule mwisho mrefu, za mwanzo lazima uzichome.

Hajjat mmoja wa Arua: Mwanangu, na nyama je? Nina hofu.

Shikamoo hajjat. Hofu yako ni sahihi. Nyama ikatwe vipande vidogo, ichemke nusu saa nzima, sufuria ijae mchuzi, na isikae kikapuni zaidi ya masaa matatu manne. Ukifungua lazima ikuchome, mvuke utoke. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 wadudu wa tumbo wanaanza kuzaana, kwa hiyo ukikuta kimekuwa vuguvugu na hujui tangu saa ngapi, mwaga, usijidanganye na kukichemsha tena kwa sababu sumu zingine hazitoki kwa kuchemsha. Vile vile usilaze chakula kikapuni usiku mpaka asubuhi ukidhani ni friji. Mimi nyama bado naipikia jikoni, nakuambia ukweli wangu.

Kijana wa boda, Jinja: Si ungefunga sufuria kwenye blanketi la kitandani tu, tenga la nini?

Inafanya kazi kaka, hata mimi nilianza hivyo. Wewe ulale ukinukia maharage, shemeji atatuambia.

Dada wa Bweyale: Panya na mende hawaingii kwenye byayi?

Wanaingia ukimwaga mchuzi. Ukimwaga, siku hiyo hiyo toa kitenge ufue, na kikapu kiweke juani mdomo wazi. Mimi kila Jumamosi nakianika. Wengine wanachanganya majani makavu ya mwarobaini kwenye byayi, nimejaribu, mende wamepungua, panya hawakujali chochote, paka ndo dawa. Ila paka naye akishajua kikapu kina joto anataka kulala humo, kwa hiyo mto ufungwe na kamba.

Mdau wa Kampala: Unauza?

Nimeuza vitatu kwa majirani, elfu thelathini na tano kila kimoja, na sikupata faida ya maana maana kazi ya kukandamiza byayi inakula mikono. Wanaotaka waje na sufuria zao wenyewe, nimechoka kubahatisha. Mmoja alinidanganya kipimo akisema ni ya lita tano, akaja na ya lita nane, tukakifumua kikapu chote tukaanza upya hapo barazani.