Ukiona mtu anabaguliwa kwa rangi yake mbele za watu, anzia kwake yeye

Mko kwenye basi limejaa, mtu anaanza kumtukana abiria mwenzake kwa sababu ya rangi yake, anamwambia arudi kwao, na ghafla basi zima kimyaa. Huyu kainamia simu, yule anaangalia dirishani kama vile hajawahi kuona barabara. Mimi nimewahi kuwa huyo wa dirishani. Nilishuka kituo changu bila kumwambia yule mama aliyekuwa anatukanwa hata pole, na ni miaka sasa lakini bado inanisumbua, ndo maana naandika hii. Na nikija kuangalia sikunyamaza kwa sababu nilikubaliana na yule mtu, nilinyamaza kwa sababu nilikuwa sijui naanzia wapi, nadhani wengi wetu ni hivyo.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa ujue kwamba utaganda. Usijiamini sana ukiwa umekaa nyumbani. Mwaka 2009 watafiti kina Kerry Kawakami wa Kanada walitoa utafiti kwenye jarida la Science, wanafunzi walikuwa chumbani na mtu mweupe na mtu mweusi, mweusi anatoka, yule mweupe anatoa neno la kibaguzi juu yake. Wale ambao walisimuliwa tu au kuoneshwa video walisema wangekasirika sana na wasingekubali kufanya kazi na yule mweupe. Waliokuwepo chumbani wenyewe? Hawakukasirika hivyo, na wengi walimchagua yeye huyo huyo awe mwenzao wa kazi! Hawa sio watu wabaya, ni watu wa kawaida kama mimi na wewe.

Na ukiwa kwenye kundi ndo inakuwa ngumu zaidi. Kuna jaribio la zamani la Bibb Latané na John Darley, 1968, mtu anajaza fomu kwenye chumba afu moshi unaanza kuingia. Waliokuwa peke yao asilimia 75 walitoka kwenda kusema kuna moshi, ila waliokaa na watu wawili waliopangwa wakaushe tu, ni asilimia 10 ndo waliosema. Yaani kila mtu anamwangalia mwenzake, anaona mwenzake katulia, anajiambia basi labda sio jambo kubwa, kumbe na mwenzake anamwangalia yeye. Ukishalijua hili, ile hali ya "mbona hakuna anayesema kitu" haikudanganyi tena, unajua watu wanasubiri wa kwanza tu.

Na wa kwanza huwa anapatikana, hii ndo habari nzuri. Utafiti wa 2020 uliangalia video za kamera za mitaani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town, na katika kila ugomvi 10, kwenye 9 kuna angalau mtu mmoja aliyeingilia, na watu wakiwa wengi ndo uwezekano ulizidi kuwa mkubwa. Huo ulikuwa ugomvi wa aina zote sio ubaguzi peke yake, lakini mimi ulinitia moyo sana.

Sasa twende kwenye lenyewe.

Angalia kwanza, sekunde chache tu. Huyu mtu kalewa? Kashika kitu mkononi? Anamsogelea mwenzie au anaropoka akiwa mbali? Mlango uko wapi? Usidharau hii hatua. Mei 2017 huko Portland, Marekani, mwanaume alikuwa anawatukana wasichana wawili ndani ya treni, mmoja wao kavaa hijabu, wanaume watatu wakaingilia na akawachoma kisu, wawili wakafa. Sisemi hivi kukutisha ukae kimya, nasema ukiona dalili za hatari usiende kifua mbele, kuna njia nyingine. Na kama wewe mwenyewe ni wa rangi ile ile inayotukanwa, jua anaweza kukugeukia wewe dakika hiyo hiyo, kwa hiyo hulazimiki kufanya anachoweza kufanya mwingine.

Alafu nenda kwa anayetukanwa, achana na mtukanaji. Hapa ndo watu wengi tunakosea, tunadhani kusaidia ni kwenda kugombana na mbaguzi, na kwa kuwa hatutaki ugomvi tunabaki tumekaa. Huhitaji kumgusa kabisa mbaguzi. Sogea, kaa au simama karibu na yule anayetukanwa, mpe yeye uso wako (mbaguzi umwone kwa pembeni tu, usimpe mgongo mzima), na umsalimie kama mnafahamiana. Ongea kitu cha kawaida kabisa. "Samahani dada, hili linafika kituo cha mwisho?" au "Kaka, hapa pana mtu?" Mkishaongea mambo yenu mbaguzi anakosa mtu wa kumjibu, na asipojibiwa mara nyingi anapungua nguvu. Afu kwa sauti ya chini muulize, "Uko sawa? Unataka nibaki hapa? Tushuke wote?"

Muulize, usimvute mkono. Mwingine anataka kumjibu mwenyewe, muache amjibu na wewe simama pale. Mwingine anataka tu hii safari iishe. Mwingine atakwambia niko sawa asante, na hapo usilazimishe, ila usirudi mbali, baki karibu hadi yule mtu aondoke. Hata ukikosa neno la kusema, kule kusimama tu karibu yake kunabadilisha kitu, maana kinachomuumiza mtu sio lile tusi peke yake, ni kuona watu hamsini wamelisikia na hakuna aliyeinua hata kichwa.

Ita watu, lakini mmoja mmoja. Usiseme "jamani mtu aite dereva", hataitwa. Mtazame mtu machoni, "kaka mwenye koti la bluu, naomba umwite dereva, mimi nabaki na huyu mama". Ukimtaja mtu kwa koti lake hana pa kujificha. Dereva, mlinzi, meneja, yeyote mwenye mamlaka pale. Kuhusu polisi, kama kuna kipigo au silaha piga simu haraka, lakini kama ni maneno muulize kwanza anayebaguliwa, kwa sababu kuna watu ambao polisi wakifika wao ndo wanageuka watuhumiwa.

Ukiamua kumwambia mbaguzi, fupi. Sentensi moja, sauti ya kawaida, bila tusi. "Acha kumwongelesha hivyo." Au "Mwache, hajakufanyia kitu." Basi, unamrudia yule anayetukanwa. Usianze kumfundisha historia, usimwite majina, maana ukishaingia kwenye mabishano ugomvi unakuwa wenu wawili na mwenye jambo lake kasahaulika pembeni.

Lakini sio kila ubaguzi una kelele, na huu wa kimya kimya naona ndo mwingi zaidi. Keshia anamruka mtu kwenye foleni anakuhudumia wewe. Mlinzi anakagua begi la mmoja tu. Hapa kazi ni rahisi jamani na hatari ni ndogo, yaani hatuna kisingizio. "Huyu alikuwa mbele yangu, mhudumie kwanza." "Mbona mimi hujanikagua?" Unasema hivyo afu unasubiri. Aprili 2018 huko Philadelphia vijana wawili weusi walikuwa wamekaa kwenye duka la kahawa la Starbucks wanamsubiri mtu wa kikao chao, hawajanunua kitu, wakaitiwa polisi wakafungwa pingu. Wateja wengine ndo waliokuwa wanawaambia polisi hawa hawajafanya kitu, na mteja mmojawapo akaweka video mtandaoni. Tarehe 29 Mei mwaka huo kampuni ikafunga maduka yake zaidi ya 8,000 ya Marekani kwa saa kadhaa mchana ule ili wafanyakazi wapewe mafunzo.

Video sasa. Video ina nguvu, hakuna ubishi. Darnella Frazier alikuwa na miaka 17 aliposimama Minneapolis, Marekani, tarehe 25 Mei 2020 akarekodi polisi akiwa amemkandamiza George Floyd, mwanaume mweusi, shingoni kwa goti hadi akafa, na taarifa ya kwanza ya polisi ilikuwa imesema ni tatizo la kiafya tu, bila ile simu yake tungebaki na hiyo taarifa. Mwaka 2021 bodi ya Pulitzer, ile inayotoa tuzo kubwa za uandishi wa habari Marekani, ikampa tuzo maalum. Ila rekodi kama kuna mtu mwingine tayari anasaidia, kama uko peke yako weka simu mfukoni uende. Ukirekodi kaa mbali kidogo, usikate kate, onesha jina la kituo au bango la duka, taja tarehe na saa kwa sauti. Na ukimaliza mpe aliyebaguliwa, muulize anataka uifanyie nini. Naomba sana hili mlisikie: usiipost bila ruhusa yake. Siku yake mbaya kuliko zote sio content yako, na kesho yake watoto wake wataiona hiyo klipu.

Baada ya hapo usikimbie. Baki dakika tano. "Pole, nimeona kila kitu, haikuwa sawa." Maneno hayo tu. Usimuulize kama yeye alifanya nini kwanza, usimwambie labda hakumaanisha, na usianze kulia wewe hadi yeye ndo akubembeleze. Mpe namba yako, mwambie akitaka kwenda kushtaki wewe ni shahidi, na ukae pembeni uandike kwenye simu ulichoona na maneno yenyewe yalivyosemwa, andika siku ile ile, maana ukilala yanachanganyika. Na kama uliganda kama nilivyoganda mimi, bado hujachelewa, mfuate pale kituoni umwambie pole, hicho ndo kitu ambacho mimi ningetoa chochote nirudi nikakifanye.

Kuna moja limebaki na ndo gumu. Ni pale mbaguzi anapokuwa mtu wako, rafiki, shemeji, bosi, mmekaa sehemu na yeye anamfanyia mhudumu utani wa rangi na anategemea ucheke. Usicheke. Muulize tu kwa upole "una maana gani?" afu mwache aelezee, utaona mwenyewe utani unavyomfia mdomoni. Mazungumzo marefu mtafanya mkiwa wawili, pembeni, hilo sawa. Lakini kama aliyetaniwa bado kasimama pale na trei mkononi, usisubiri pembeni, mgeukie yeye umwambie samahani, sasa hivi, mtu wako akisikia.